Tuta la Mgongoni: Karatasi ya Mbwa Inasema Nini na Inanyamazia Nini

Simu huingia hivi, mara nyingi jioni: "Boss, nimeskia una watoto wa rijibeki. Ni pyua? Wako na karatasi?" Nikisema ndiyo, swali linalofuata ni bei. Katika miaka yote niliyozalisha mbwa hawa wa kuwinda wenye tuta la manyoya mgongoni, walioniuliza nyonga za mama zikoje, au babu alikufa kwa ugonjwa gani, hawamalizi vidole vya mkono mmoja.

Siwalaumu. Ukifungua simu, matangazo ni tele: Jemani Shepadi pyua, rotwaila pyua, "baba kaletwa kutoka ng'ambo", na picha ya kijibwa kinene kimekalishwa kwenye kikapu. Neno hilo "pyua", yaani safi, limetumika hadi likafanana na "orijino" ya viatu vya Gikomba. Kila mtu analitamka, na ukimwuliza maana yake anakuonyesha masikio yaliyosimama.

Basi nianzie chini kabisa, kwenye majina, kwa sababu fujo inaanzia hapo.

Mbwa koko, huyu wa kienyeji, hakupangiwa na mtu. Mama yake alikutana na dume la kwanza lililoruka ua, basi. Chotara ni mtoto wa aina mbili zinazojulikana, tuseme Jemani Shepadi kwa rotwaila, sawasawa na ng'ombe chotara wa Friziani na zebu. Mbwa wa nasaba naye ni yule ambaye wazazi wake, mababu na mababu wa mababu wote wameandikwa katika daftari la aina moja, kisha daftari likafungwa. Asiyezaliwa na waliomo haingii.

Kwa hiyo "upyua" ni habari ya daftari kuliko ya damu. Tia damu ya koko na ya rijibeki wangu kwenye vichupa viwili, maabara itakuambia ni mbwa tofauti, lakini haitakuambia ni nani aliyeandikwa daftarini. Ninachoweza mimi ni kukutajia mama wa mama wa mama yake Ngano, jike langu. Mwenye koko hawezi.

Karatasi ndiyo hiyo: orodha ya majina ya wazee, kwa kawaida vizazi vitatu hadi vitano, iliyotolewa na chama kinachotunza daftari. Hapa Kenya ni East Africa Kennel Club. Isome kama cheti cha kuzaliwa. Cheti chako cha kuzaliwa kinasema baba yako ni nani. Hakisemi kama una kisukari.

Na daftari lenyewe ni changa kuliko watu wanavyofikiri. Rijibeki ni mbwa wa kusini mwa Afrika. Wakhoikhoi walikuwa na mbwa wenye manyoya ya mgongoni yaliyoota kinyume, yakielekea kichwani badala ya mkiani. Walowezi wakawachanganya na mbwa wao wa Ulaya, na wawindaji wakawapenda kwa sababu walithubutu kumzingira simba na kumshughulisha hadi mwenye bunduki afike. Mwaka 1922 wenye mbwa hao wakakutana Bulawayo, Zimbabwe ya leo, nchi ikiitwa Rhodesia wakati huo. Kila mmoja alikuja na mbwa wake akiamini ndiye wa kuigwa. Francis Barnes, aliyeitisha kikao, akatwaa maelezo ya mbwa wa aina nyingine kabisa, Dalmeshani mwenye madoadoa, wakayarekebisha hapa na pale, na hayo ndiyo yakawa kipimo cha rijibeki. Jumatatu walikuwa mbwa wa kuwinda waliochanganyika, Jumanne wakawa aina yenye jina. Mbwa walikuwa walewale.

Alama yao ni lile tuta. Umewahi kuona tuta la viazi vitamu shambani, jinsi udongo unavyopandishwa kutoka pande mbili ukakutana juu? Ndivyo manyoya yanavyokutana mgongoni mwa rijibeki. Linaanza pana nyuma ya mabega, na hapo pana duara mbili zinazotazamana, kisha linachongoka kuelekea nyonga. Mbwa mwenyewe ana rangi ya ngano, dume husimama sentimita 63 hadi 69 begani. Lakini ukiondoa tuta, mpenzi wa rijibeki anaona umemwondolea jina. Shika hilo, maana furaha yetu na majonzi yetu yote yamefungwa kwenye tuta hilo.

Anachokiona jaji

Wengi wanayaona maonyesho ya mbwa kama mashindano ya urembo ya watu wasio na shida. Kidogo ni kweli, nimekutana nao. Lakini asili yake ni ileile ya kuonyesha fahali kwenye shoo ya kilimo: kuchagua nani azalishwe. Maonyesho ya kwanza yaliyopangwa yalifanyika Newcastle, Uingereza, Juni 1859, ya mbwa wa kuwindia ndege peke yao, na washindi wakazawadiwa bunduki. Mwaka 1873 London ikapata chama cha kwanza cha taifa cha kutunza madaftari, na nchi nyingine zikafuata.

Jambo linalowachanganya watazamaji ni kwamba jaji hawalinganishi mbwa wao kwa wao, angalau si kwanza. Ana kipimo kilichoandikwa, kama mwalimu mwenye mwongozo wa kusahihisha, na kila mbwa anapimwa kwa mwongozo huo. Ndiyo maana Jemani Shepadi anaweza kumshinda chiwawa katika duru ya mwisho, wakati mtu wa kawaida anajiuliza utawalinganishaje. Swali ni nani kati yao amekaribia zaidi maelezo ya aina yake mwenyewe.

Siku ya kwanza nilipompeleka Ngano Jamhuri Park, Nairobi, alikuwa na miezi kumi. Miezi minne nilikuwa nimemfundisha kusimama kama sanamu. Jaji akaja, akamfunua midomo na kuyakagua meno, akapitisha viganja mabegani, akateremsha kidole juu ya tuta polepole kama fundi anayekagua mshono. Akaniambia nikimbie naye, niende na kurudi, aone miguu inavyotua. Tukarudi, na palepale mbele ya jaji Ngano akaketi chini akajikuna sikio kwa raha zake zote. Tulikuwa watatu katika daraja letu. Tukawa wa tatu.

Mwaka uliofuata alishinda daraja lake, na sitajifanya kwamba sikulia. Ukimwona mnyama uliyemshika mkononi akiwa hajafungua macho, leo anakata nyasi kwa hatua ndefu zisizo na kelele, mabega na nyonga vikiongea lugha moja, unaelewa kwa nini watu wazima huamka saa tisa usiku kuogesha mbwa.

Ila jaji haoni figo. Haoni tundu la nyonga lilivyokaa ndani ya nyama, wala hajui baba yake bingwa alianza kifafa mwaka gani. Na kinachotuzwa kwa macho huwa na tabia ya kuongezeka. Buldogi alizawadiwa kwa uso mfupi, kizazi kikafuata kizazi, uso ukazidi kufupika na kichwa kikazidi kupanuka, mpaka leo zaidi ya wanane kati ya kumi, kwa takwimu za Uingereza, huzaliwa kwa upasuaji kwa sababu vichwa havipiti. Wenye buldogi wa Kifaransa, hao wanaotamaniwa sana mjini sasa hivi, wako kwenye kapu hilohilo. Mbwa anayekoroma akiwa macho hapumui vizuri. Watu wanacheka na kumrekodi video.

Leso mbili

Sasa tuingie ndani ya ngozi, na nitaomba msaada wa leso.

Leso huuzwa pea. Maelekezo ya mwili wa mnyama nayo yamekuja kwa pea: moja ya mama, moja ya baba. Akifika zamu yake ya kuzaa, mnyama huikata pea yake na kumpa mtoto kipande kimoja tu, bila kuchagua. Tuwe na leso ya aina mbili, yenye tuta na tupu. Rijibeki mwenye leso mbili za tuta ana tuta. Mwenye moja ya tuta na moja tupu naye ana tuta, na kwa macho huwezi kuwatofautisha hata ukilala nao. Mwenye leso mbili tupu ndiye anayezaliwa na mgongo laini.

Kutanisha wawili wenye mchanganyiko. Kwa wastani, katika kila watoto wanne, mmoja atapata tuta mara mbili, wawili watakuwa mchanganyiko kama wazazi wao, na mmoja atakuwa mtupu. Ni wastani, kama kurusha sarafu. Uzao mmoja unaweza kuja bila mtupu hata mmoja, mwingine ukaja na watatu.

Zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, mtoto mtupu aliuawa siku ileile. Ilihesabiwa ni kulinda aina. Wazalishaji wakaanza kuwapenda mbwa ambao hawatoi watupu kamwe, yaani, bila wao kujua, wale wenye tuta mara mbili. Kisha mwaka 2007 watafiti wakachapisha kile ambacho baadhi ya wazee walikuwa wakikishuku: tuta linatokana na kipande cha maelekezo kilichojirudia, na kipande hichohicho ndicho kinachomweka mbwa kwenye hatari ya mrija wa ngozi. Anayepatwa zaidi ni mwenye leso mbili za tuta.

Mrija huo ni nini? Mtoto akiwa tumboni, ngozi ya mgongo na uti wa mgongo huanza pamoja kisha huachana. Visipoachana sawasawa, hubaki kijia chembamba kutoka juu ya ngozi kwenda chini, wakati mwingine hadi kwenye utando wa uti. Ndani yake hujaa nywele na taka, kisha usaha. Ukifika ndani kabisa, mbwa hupooza au huugua utando wa uti wa mgongo.

Kwa hiyo waliomfukuza mtoto mtupu mlangoni walikuwa wakimkaribisha mwenye mrija dirishani. Mwaka 2008 BBC ilirusha filamu iliyoonyesha, pamoja na mengine, wafugaji wa rijibeki wakitetea kuua watupu. Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa kiasi kwamba chama cha London kililazimisha kanuni zibadilishwe, na BBC yenyewe ikaacha kuonyesha Crufts, maonyesho makubwa kuliko yote ya Uingereza.

Haya nilikuwa nimeyasoma. Kuyasoma ni kitu kimoja.

Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi. Wiki ya mwisho unampima jike joto asubuhi na jioni. Likishuka chini ya digrii 37, una saa 24 au pungufu. La Ngano lilishuka Jumanne jioni, 36.9, na saa mbili baadaye stima ikapotea mtaa mzima. Mtoto wa mbwa hawezi kujipasha joto wiki mbili za kwanza, hivyo nilichemsha maji kwa gesi, nikajaza chupa za soda, nikazifunga taulo na kuzipanga pembeni mwa sanduku la kuzalia. Watoto walikuja tisa, wa mwisho akitangulia adhana ya alfajiri kwa dakika chache. Wa tano alikuja amelegea. Nilimfuta pua na mdomo, nikamsugua kwa taulo mgongoni kwa nguvu kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua, nikamsugua tena. Robo saa baadaye Ngano mwenyewe alimnusa, akamwacha, akawageukia wengine wanyonye dang'a. Yeye alijua kabla yangu.

Wanane. Saba na tuta, mmoja mtupu. Mtupu huyo mmoja alikuwa ameniandikia barua: Ngano ni mchanganyiko na dume lililompanda ni mchanganyiko, hakuna njia nyingine. Na kama ni hivyo, katika wale saba huenda wamo pia wenye tuta mara mbili.

Siku ya tatu nilimwalika mama mmoja aliyezalisha rijibeki tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Aliketi kwenye kigoda, akapakata mtoto mmoja mmoja, akivuta ngozi ya shingo juu kwa vidole viwili na kuiachia. Alinipa wa tatu. "Mwanangu, usitazame. Funga macho, usikie." Nikavuta. Chini ya ngozi, katikati ya shingo, kulikuwa na kitu kama uzi wa kushonea uliokazwa, umeshikilia chini, hautaki kuja na ngozi. Sijawahi kukisahau kidoleni.

Wengine wana bahati: mrija unaishia juu, daktari anauondoa wote, mbwa anaishi miaka yake kama kawaida, mradi asizalishwe. Huyu tulimsubiri akue kidogo, tukampeleka. Daktari alinipigia akiwa bado chumba cha upasuaji. Ulikuwa umeshuka hadi kwenye uti. Akaniuliza kama amwamshe. Nikamwambia asimwamshe.

Kijiji kisichopokea wageni

Rudi kwenye daftari lililofungwa, maana tatizo si la rijibeki peke yake.

Wafugaji wa mbuzi wa maziwa wanalijua hili bila darasa. Kikundi kikipewa beberu, baada ya mwaka na kitu hubadilishana na kikundi cha bonde la pili, kabla hajawapanda binti zake mwenyewe. Daftari lililofungwa ni kijiji ambacho beberu hahami. Baba na bintiye wakizaa, robo ya leso za mtoto, kwa wastani, zitakuwa pea za kitambaa kilekile kilichokatwa gora moja. Ndugu wa baba mmoja ni asilimia 12.5, mabinamu 6.25. Pea ikifanana, kasoro iliyokuwa imefichwa chini ya leso nzuri haina tena cha kuifunika. Mpaka mwaka 2009 chama cha London kilikuwa bado kinaandikisha watoto wa ndugu wa toka nitoke, ndipo kikakataa.

Kuna njia ya kimyakimya ya kufika hapohapo: bingwa. Dume likishinda kombe, kila mtu analitaka kwa jike lake. Miaka sita baadaye unafungua karatasi za mbwa wawili wa miji tofauti na jina lake limo kwenye zote mbili, mara mbili mbili.

Dalmeshani, yule aliyeazimwa maelezo yake Bulawayo, alifika mwisho wa barabara hiyo. Dalmeshani wote walioandikishwa walikuwa na kasoro moja ya mkojo, wote, pande zote mbili za leso, na baadhi wakawa wanapata mawe kibofuni. Ndani ya kijiji hapakuwa na hata mmoja mzima wa kuanzia. Mwaka 1973 Robert Schaible, mtaalamu wa jenetiki wa Marekani, alimleta mgeni mmoja, mbwa aina ya Pointa, mara moja tu, kisha akaendelea kuwazalisha watoto na Dalmeshani kizazi baada ya kizazi, akibakiza kile kipande kizima. Baada ya vizazi kadhaa ungeapa ni Dalmeshani. Wenye daftari waliona ni chotara. Mlango wa chama cha Marekani haukufunguliwa kwa kudumu hadi 2011, miaka karibu arobaini ya mbwa kukojoa damu kwa ajili ya heshima ya daftari.

Basenji walikuwa na akili zaidi, au niseme wenye basenji. Hawa ni mbwa wa misitu ya Kongo, wasiobweka kama wengine, na jina lao ni ndugu wa neno letu washenzi. Waliitwa mbwa wa washenzi, kisha miaka ya 1930 Wazungu wakawapeleka Uingereza, wakawapa karatasi, wakawa mabwana. Walioanzisha kijiji hicho ng'ambo walikuwa wachache, na ugonjwa wa figo ukatawala. Mwaka 1990 Wamarekani walikubali kufungua daftari na kuandika mbwa 14 waliotokana na safari za kurudi Kongo. Yaani ili kumponya basenji mwenye nasaba, ilibidi waende vijijini kutafuta nduguze ambao kule kwao hakuna aliyewahi kuwaita chochote ila mbwa.

Ndiyo sababu sitaki kusikia kwamba pyua ana afya kuliko koko. Lakini pia msinigeuzie kibao: chotara si dawa. Ukimchukua shepadi mwenye nyonga mbovu na rotwaila mwenye nyonga mbovu, unapata chotara mwenye nyonga mbovu. Nyonga haisomi karatasi.

Wapo pia wanaosema jike lazima azae mara moja ndipo atulie. Hapana; kuzaa hakumtulizi wala hakumkingi na chochote, na anayefungwa kizazi huepuka usaha wa mfuko wa uzazi, ambao nimeona ukimmaliza mbwa ndani ya siku nne. Kuhusu kumlisha mbwa pilipili ili awe mkali, sina la kusema zaidi ya kwamba ungekuwa mkali na wewe.

Uzalishaji wa kuwajibika, nikiuvua nguo zote, ni kujua zaidi kabla ya kupandisha. Nyonga zinapigwa eksirei mbwa akishakomaa. Marekani hawatoi cheti cha mwisho kabla ya miaka miwili. Rijibeki ana aina ya kifafa cha utotoni ambacho sasa kipimo cha mate kinakionyesha: kuna mzima, kuna mbebaji mwenye leso moja mbovu ambaye hataugua, na kuna mgonjwa. Mbebaji si takataka. Ukimwoza mzima, hakuna mtoto atakayeugua, na hukupoteza mazuri yake mengine. Ukimtupa kila mbebaji, unazidi kukipunguza kijiji. Hata tuta lenyewe sasa linapimika. Jike hapandishwi joto la kwanza, wala hazai kila joto, na Uingereza haiandikishi zaidi ya uzao wa nne. Mtoto haondoki kabla ya wiki nane, hata mnunuzi akiongeza pesa.

Na pesa, kwa kuwa ndiyo mnayoiuliza: uzao ule niliuandika wote kwenye daftari. Vipimo, ada ya dume, daktari, upasuaji, chakula cha mama anayenyonyesha wanane, dawa ya minyoo, chanjo, usajili. Faida iliyobaki haikutosha tangi la maji la lita 1,000. Anayekuambia anatajirika na mbwa wa nasaba, kuna kitu kwenye orodha hiyo hakifanyi.

Mkataba wangu una kifungu kimoja ambacho wanunuzi hukitia sahihi bila kukisoma: ukishindwa naye, arudi kwangu, siku yoyote, umri wowote. Kijana mmoja alipata kazi Doha. Alimrudisha dume wa miaka miwili akiwa na bakuli lake na blanketi lake, akalia getini kuliko mimi. Mbwa alikaa akitazama geti lile wiki mbili. Kila gari lililopunguza mwendo lilimsimamisha.

Yule mtupu wa Ngano? Mama wa kigoda alimtazama siku ile, akanirudishia. "Enzi zetu huyu asingeliona jua," akasema, na sikuweza kutambua kama ni lawama au ni ahueni. Hawezi kuonyeshwa, kwa hiyo hakuna aliyepiga simu kumuulizia. Nilimpa mwalimu mstaafu wa barabara ya pili kwa gharama ya kumfunga kizazi tu. Mwezi uliopita nilimkuta amejilaza langoni kwa mzee, mgongo umenyooka kama kitambaa kilichopigwa pasi. Kijana wa bodaboda aliyeleta gesi alisita nje.

"Mzee, hii koko yako inauma?"

Mzee hakuinua macho kwenye gazeti. "Ingia ujue."